Mistari ya Mzee Mbwambo

Wiki niliyokabidhi funguo, Hamisi wa mapokezi aliniuliza nitafanya nini nyumbani Ujiji. Nikamwambia nitapumzika.

"Wewe, Mama Zuhura?" akasema. "Wewe ukipumzika utapanga hata kuku kwa alfabeti."

Kuku nimewaacha walivyo. Nimepanga makaratasi tu, na katika kuyapanga nimekumbuka kwamba nyinyi vijana wa chumba cha mashine mnatumia kila siku kanuni moja ya mfumo wa kaya bila kujua ilifikaje pale, wala jinsi tulivyoiogopa ile iliyokuwepo kabla yake. Nimeona niandike. Vyeo na mishahara nimeviruka. Anayevitaka aende utawala. Wanavyo vyote, hata vile ambavyo sikupewa.

Niliingia shirikani kama mpiga chapa. Ofisi ya Kigoma wakati huo ilikuwa kwenye mteremko wa kuelekea Kibirizi, na upepo ukigeuka, harufu ya dagaa ilifika kazini kabla ya meneja. Siku ya kwanza nilipewa meza, kiti ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kamba, na kompyuta yenye orodha ya kaya zinazostahili blanketi. Orodha yenyewe ilikuwa mafaili matatu. La kwanza liliitwa "Orodha Mpya", la pili "Orodha Mpya Kabisa", la tatu "Orodha Mpya Kabisa USIGUSE". Nikamuuliza karani niliyemkuta nitumie lipi. Karani huyo ndiye Hamisi, kabla hajahamia mapokezi. Akafikiri kidogo.

"Hilo la usiguse," akasema. "Ndilo tunaloligusa."

Radi za kwetu mnazijua. Siku moja ilipiga jirani na ofisi, kompyuta ikafa na mafaili yote matatu. Ikabidi watu wapange foleni watutajie upya watu wa nyumbani mwao, na karibu kila kaya ilikutwa imeongezeka. Baada ya hapo makao makuu yakatuletea Mzee Mbwambo.

Mzee alikuwa Mpare wa Same, mhandisi wa mifumo, aliyesema amekuja mwisho wa reli kwa miezi michache na akakaa mpaka alipostaafu. Alitembea na mwavuli masika na kiangazi. Kila asubuhi akiingia tulimuuliza kama leo ana kesi, maana husemwa kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku mahakamani. Naye alijibu kwamba kesi ya kuku haihusu kuku, inahusu haki, na kwamba sisi Wamanyema na Waha tungelijua hilo kama tungeacha kurogana japo kwa muda mfupi. Hayo yalikuwa mazungumzo ya asubuhi. Kazi ilianza baadaye.

Ndiye aliyetuletea Git, programu ya kutunza kila badiliko la faili, na alitufundisha bila ubao.

"Mlikuwa na chungu kimoja, kila mtu anachota," alisema. "Kimevunjika, mmelala njaa. Sasa kila mmoja atakuwa na chungu chake, kimejaa, pamoja na kumbukumbu ya kila aliyetia chumvi tangu kilipoinjikwa. Radi ikipiga cha kwako, unachota kwa jirani na hakuna kilichopungua."

Sikuwa nimesomea kompyuta popote. Nilipeleka mwongozo stesheneri ukachapwa na kutiwa waya mgongoni, nikausoma nyumbani ukurasa baada ya ukurasa. Zoezi langu la kwanza lilikuwa mapishi ya mgebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese. Niliyaandika kwenye faili moja, na kila badiliko nililoridhika nalo nililifunga kwa maelezo mafupi na jina langu. Hiyo ndiyo komiti. Kisha nikafungua tawi, yaani njia ya pembeni ya kujaribia, nikaongeza pilipili huko bila kumharibu mgebuka wa njia kuu. Nikaunganisha, pilipili ikaingia vizuri. Halafu nikabadili mstari uleule wa chumvi pande zote mbili, huku kijiko kizima, kule nusu, nikaunganisha tena. Mashine ikakataa. Ikaniwekea mistari yote miwili mbele yangu, ikaniachia niamue. Niliiheshimu tangu siku hiyo. Nimeishi na watu wengi ambao wangetia kijiko kizima bila kuuliza.

Mfumo wa kaya wenyewe, huu mnaoutumia mpaka leo, haukuwa mali yetu peke yetu. Unatengenezwa na watu wa nchi nyingi, wengi wao katika mashirika madogo kama letu. Yeyote anaweza kuchukua nakala nzima, akarekebisha kwenye tawi lake, kisha akawaomba wasimamizi walivute badiliko lake liingie kwenye mfumo wa wote. Wasimamizi husoma, huhoji, hukubali au hurudisha. Sura zao hatuzijui.

Badiliko moja la Mzee Mbwambo lilikuwa limekubaliwa, kabla hata hajahamia kwetu. Kanuni aliyoiandika ndiyo iliyokusanya watu kuwa kaya: wanaokaa kiwanja kimoja na kuchangia jina la mwisho ni kaya moja. Ilikuwa mistari michache, safi, imenyooka kama mwavuli wake. Kila mfanyakazi mpya, kabla ya kuonyeshwa choo, alionyeshwa mistari hiyo. Mashine ina namna ya kuandika pembeni ya kila mstari jina la aliyeuandika.

"Bonyeza hapo," Mzee alisema. "Soma."

Ukasoma Mbwambo, Mbwambo, Mbwambo, mpaka chini.

"Popote duniani mfumo huu unapofunguliwa," alisema, "jina hilo lipo."

Baada ya hapo uliruhusiwa kuulizia choo.

Ofisi yetu ilikuwa na adabu mbili ambazo hazimo katika mwongozo wowote. Ya kwanza haikumdhuru mtu. Maelezo ya komiti yanatakiwa yawe mstari mmoja, lakini sisi tulilelewa na barua za kiofisi. Komiti ya kwanza ya Hamisi ilisema: "Yah: Maombi ya kusahihisha tahajia ya neno Kasulu. Kichwa cha habari hapo juu chahusika." Ikaendelea kwa aya kadhaa, ikawajulia hali wasimamizi na familia zao, ikafunga kwa kutanguliza shukrani za dhati. Msimamizi mmoja wa ng'ambo alijibu kwamba badiliko limekubaliwa, na kwamba hajawahi kushukuriwa hivyo kwa ajili ya herufi moja.

Adabu ya pili ilikuwa hii: hakuna aliyefuta mstari wa Mzee. Hapakuwa na amri. Mtu mzima akisema jambo barazani, humkatizi. Unamsubiri amalize, kisha unasema, "Pamoja na hayo aliyosema Mzee." Ndivyo tulivyoandika na programu. Mistari yake ilipotenganisha mke na mume, kwa kuwa wake wengi wa kwetu hubaki na jina la baba, hatukuigusa. Tuliongeza yetu chini yake: pamoja na hayo, kama hawa wameoana, warudishe. Alipokuja mama mkwe anayeishi kwa mkwewe, tukaongeza mingine: pamoja na hayo, na huyu. Kanuni fupi ya Mzee ikaota mkia mrefu wa heshima. Mashine yetu ilichelewa kila asubuhi ikipitia mkia huo, sisi tunakunywa chai. Mzee akisifu jinsi kanuni yake inavyofanya kazi, tunaitikia.

Mkia huo haukuwa umepelekwa kwa wasimamizi. Makao makuu yalikuwa yakiutumia kwa ajili ya Kigoma tu, kwa shingo upande, na kila mara yakituuliza ni lini tutaupeleka ukasomwe kama vitu vya watu wengine.

Kisha miaka ya wakimbizi ikaanza tena. Watu walivuka kutoka Burundi kwa miguu na kwa boti, wakajaa Kagunga, wakaletwa mjini kwa meli, wakapandishwa magari kwenda kambini. Mtandao wa kambini ulikuwa wa kubahatisha, na hapo ndipo nilipouelewa ule mfano wa vyungu. Kila kituo kilikuwa na nakala nzima, kikafanya kazi yake bila kusubiri mtandao, na mimi nikapita na diski ndogo ya mfukoni, nachukua mabadiliko ya huku, napeleka ya kule. Naifunga kwenye pindo la kanga, napanda basi Mwandiga. Hamisi aliniita mtandao wa mguu.

Kambini nilimkuta Goreti Niyonkuru, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa mwalimu wa hesabu kwao Makamba, sasa akitusaidia kuandikisha watu. Nilimwachia nakala ya kila kitu ili ajifunze. Safari iliyofuata alinipokea mlangoni.

"Amahoro, Mama Zuhura. Mgebuka ni wako?"

Mazoezi yangu yalikuwa yamebaki kwenye diski, pamoja na historia yake yote.

"Ni wangu," nikasema.

"Nimesoma mpaka mwanzo. Ulianza na kijiko, ukashuka nusu, ukapanda robo tatu. Munisamehe, lakini chumvi bado ni kidogo."

Ndiyo ilikuwa salamu yetu mpaka mwisho. Goreti alijifunza haraka, na alijifunza kwetu, kwa hiyo adabu zetu nazo alizichukua.

Ndiye aliyenipeleka kwa Bibi Konsesa Barampama. Bibi alikuwa amevuka na wajukuu watatu, watoto wa marehemu binti yake: mapacha Eriki Bukuru na Erika Butoyi, na mdogo wao, Ndayizeye, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Warundi hawana jina la ukoo linaloshuka kwa watoto. Kila mtoto hupewa jina lake, la siku yake na hali yake. Mapacha ni Bukuru, mkubwa, na Butoyi, mdogo. Waha wa Mwandiga, wenye desturi hiyohiyo, hawahitaji kuelezwa. Kwa hiyo kwenye kiwanja cha Bibi palikuwa na watu wanne na majina manne, na kanuni ya Mzee ikahesabu kaya nne. Tatu kati ya hizo zilikuwa za watoto wasio na mtu mzima.

Hadi hapo lilikuwa jambo la kuchekesha. Goreti alirekebisha kwa mkono, akawaunganisha. Lakini kila alfajiri mtandao ulipopatikana, mashine ya kambini ilijisawazisha na makao makuu, kanuni ikapita upya, na asubuhi Bibi Konsesa akawa tena peke yake duniani.

Halafu likatoka tangazo: kambi imejaa, mitaa kadhaa itahamishiwa kambi nyingine, mabasi yataanza Jumatatu ya baada ya wiki mbili. Orodha ya mabasi ingetolewa na mfumo wa kaya. Na watoto ambao mfumo umewaandika hawana mlezi wangetangulia kwa gari lao, wapelekwe kituo cha watoto kwenye kambi mpya, wakae huko mpaka ndugu wathibitishwe. Kuthibitishwa huko tulikujua. Bibi Konsesa alikuwa hana karatasi hata moja, na hakuwa bibi peke yake mwenye wajukuu wa majina mbalimbali.

"Mimi nitapanda gari la watoto," Bibi alituambia. "Waniandike nina miaka saba."

Goreti akaandika badiliko. Wakati wa kuandikishwa kila mlezi alitaja watu wake mwenyewe mbele ya kiongozi wa mtaa, na jibu hilo lilikuwemo kwenye mashine tangu mwanzo, ila hakuna kanuni iliyolisoma. Akaandika kanuni ya kulisoma. Akaiweka, kwa adabu, chini kabisa ya mkia: pamoja na hayo yote, kama mlezi amewataja, warudishe. Nikaisoma, ilikuwa nzuri. Kwa kuwa safari hii makao makuu yalisema hayatapokea kitu ambacho wasimamizi hawajakisoma, tukaupeleka mkia wote.

Ulisomwa na msimamizi aitwaye Marisol, wa huko Amerika ya Kusini. Alijibu siku iliyofuata. Maneno yake nayaeleza kwa Kiswahili changu.

"Kanuni ya mwisho ni sahihi," aliandika. "Lakini kwa nini mnawatenganisha kwanza, ndipo muwaunganishe? Kabla hamjafika chini, majina ya watoto yameshatumwa kwenye orodha ya wasio na mlezi, na orodha hiyo hairudi nyuma. Ondoeni kanuni ya kwanza, na hizo nyingine zote zilizoifuata. Kwani nani anaihitaji?"

Jibu la swali hilo lilikuwa limekaa chumba cha pili, likinywa chai ya tangawizi.

Nilimwandikia Marisol nikamweleza, kwa urefu, kwamba mistari ya kwanza ni ya mtu mzima tunayemheshimu, na kama ingewezekana ibaki hapo bila kufanya kazi yoyote. Alijibu kwa ufupi. "Mimi pia nina baba. Futeni."

Goreti akaomba kibali cha kutoka kambini, akaja mjini. Alifika Alhamisi, viatu vina vumbi la barabara nzima. Tukakaa watatu, yeye, mimi na Hamisi, tukijadili nani aende kwa Mzee.

"Nenda wewe, Mama Zuhura," Hamisi akasema. "Wewe umezoeana naye."

"Na wewe ni mwanaume mwenzake."

"Mimi nina familia."

Wakati tunasukumana, Mzee mwenyewe akatokea mlangoni na kikombe chake.

"Nasikia Amerika ya Kusini wana kesi na mimi," akasema. Alikuwa anasoma kila kitu kinachopita kwenye mfumo. Sijui kwa nini tulidhani hasomi. Akavuta kiti, akakaa. "Haya. Nani mlalamikaji?"

Tukamtazama Goreti.

"Munisamehe, Mzee," Goreti akasema. "Mlalamikaji ni bibi mmoja na wajukuu zake. Mimi nimetumwa tu."

"Vielelezo?"

"Naomba Mzee unitajie watu wa nyumbani kwako, niwaandike kwenye mashine ya majaribio."

Mzee akapenda. Akajitaja yeye. Akamtaja mkewe, Mama Anna, ambaye hajawahi kuliacha jina la baba yake, Mshana. Akamtaja mjukuu anayeishi nao, mtoto wa binti yao, mwenye jina la upande wa baba yake. Goreti akaandika, kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Sasa naondoa kwa muda mistari yote iliyoongezwa na ofisi. Naiacha kanuni ya Mzee peke yake." Akabonyeza.

Mashine, safari hii, haikuchelewa. Mzee Mbwambo: kaya ya mtu mmoja. Mama Anna: kaya ya mtu mmoja. Mjukuu: mtoto asiye na mlezi, apelekwe kituoni.

Mzee akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Mjukuu wangu hana mlezi?"

"Kwa kanuni hii hana, Mzee," nikasema.

"Na mimi ninaishi na nani?"

"Na mwavuli, Mzee," Hamisi akasema, kisha akaangalia pembeni.

Nilitegemea Mzee acheke au akasirike. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza polepole, "Imekuwa ikifanya hivi tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Mbona mimi sijawahi kuona?"

Hamisi alikuwa bado anaangalia pembeni, kwa hiyo nikajibu mimi. "Tulikuwa tunapita nyuma yako tunaokota."

"Mlikuwa mnaniheshimu."

"Ndiyo, Mzee."

"Mkanifanya niwe mtu pekee katika ofisi hii asiyejua mistari yangu inafanya nini." Akanywa chai iliyokwisha kupoa. "Nami kila mgeni nampeleka kuiona. Na nyinyi mmesimama nyuma mnaitikia."

Nje walikuwa wanapakua magunia ya dagaa, na wapagazi walikuwa wanatukanana kwa furaha kama kawaida yao. Mzee akasukuma kibodi kuelekea kwa Goreti.

"Futa."

"Siwezi, Mzee. Mimi ni mgeni. Mwenye nyumba afute mwenyewe."

"Nikifuta mimi itasomeka Mbwambo amemshtaki Mbwambo. Hakuna mahakama inayopokea kesi hiyo." Akamgeukia kila mmoja wetu. "Na niliwafundisha siku ya kwanza, mkashika habari ya chungu, mkaacha ya kumbukumbu. Humu hakuna anayepotea. Anayetaka kuniona atashuka kwenye historia, atanikuta nimekaa nilipokaa. Juu kinakaa kinachofanya kazi. Bibi huyo mabasi yake lini?"

"Jumatatu," Goreti akasema.

"Basi unanichelewesha."

Goreti akaisoma mistari kwanza, taratibu, mmoja mmoja. "Imeandikwa vizuri," akasema.

"Najua," Mzee akasema.

Goreti akaifuta. Akafuta na mkia wetu wote, kila pamoja na hayo, na mahali pake pakabaki kanuni moja fupi, fupi kuliko hata ile ya Mzee. Ilipofika zamu ya maelezo ya komiti, Hamisi alipendekeza yaanze na Yah. Goreti akaandika mstari mmoja: "Kaya ni wale mlezi aliowataja, si wanaofanana jina." Mzee akaomba kibodi, akaongeza chini yake, kwa kidole kimoja: "Imesomwa na Mbwambo." Akachukua mwavuli, akaenda nyumbani mapema, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Marisol alikubali siku hiyohiyo. Makao makuu yakaingiza toleo jipya Ijumaa. Mtandao wa kambini ulikuwa umelala, kwa hiyo Jumamosi niliifunga diski kwenye pindo la kanga, tukapanda basi Mwandiga mimi na Goreti, na njia nzima hatukuzungumza habari nyingine isipokuwa chumvi.

Tulipoisawazisha mashine ya kambini, Goreti alitafuta jina la Barampama. Ilikuwa kaya moja, watu wanne. Akaanza kutafuta majina mengine, ya watu aliokuwa anawajua, moja baada ya jingine, nami nikamwacha, nikatoka nje kutafuta chai.

Jumatatu nilisimama penye mabasi na orodha mkononi. Bibi Konsesa alifika na sufuria kichwani, mdogo mgongoni, mapacha mmoja kila upande. Nikasoma majina yote manne, basi moja, viti vya jirani. Bibi akataka kujua mashine ilikuwa na tatizo gani.

Goreti akamweleza kwa Kirundi. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akawatazama mapacha waliofanana kama punje mbili za maharage.

"Kwani huyo mashine," akauliza, "alidhani hawa wamezaliwa na nani?"

Wakapanda. Gari la watoto liliondoka siku hiyo likiwa na watoto wachache, wale ambao kweli hawakuwa na mtu, na wale niliwasindikiza kwa macho kwa muda mrefu zaidi.

Mzee Mbwambo aliendelea kuwapokea wageni siku ya kwanza kwa kuwaonyesha mistari. "Bonyeza hapo. Soma." Mgeni akasoma Niyonkuru, Niyonkuru. "Huyo ni Mrundi, mwalimu wa hesabu," Mzee alisema. "Sasa shuka chini kwenye historia. Endelea. Endelea. Umenikuta?" Ilichukua muda mrefu kuliko zamani, na waliotaka choo waliteseka.

Goreti alirudi kwao Makamba kwa hiari yake, anafundisha. Mwaka huu, nikiwa najiandaa kuondoka, niliona kijana mmoja wa nchi ambayo sijawahi kufika amefuta kanuni ya Goreti na kuandika nyingine inayofaa watu wanaohamahama na mifugo. Niliisoma, ni nzuri kuliko ya Goreti. Nikamtumia ujumbe kumjulisha kwamba amefutwa.

"Alinisalimia kwanza?" akajibu.

Nikampigia na Mzee huko Same. Akauliza kama kesi ilisikilizwa pande zote, nikamwambia hapana, akasikitika.

Sasa nyinyi. Ile sehemu inayopanga zamu za mgao ni yangu, pembeni mtaona jina langu mpaka chini. Kwa muda sasa naona mmekuwa mkiongeza vitu chini yake. Pamoja na hayo, kama ni Ijumaa. Pamoja na hayo, kama mvua imenyesha. Mlidhani sioni. Kuna kitu pale hakifanyi kazi, na kuna mtu kwenye foleni analipia heshima yenu. Tafuteni ni nani, kisha futeni. Shikamoo zenu nitazipokea zote kwa pamoja siku nitakayopita hapo ofisini.

Na chumvi ni kijiko kizima. Goreti alikuwa sahihi, nimeshakomiti.